Maswali Yenu: Usalama wa Mgonjwa Mikononi mwa Muuguzi

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji, wauguzi na wasio wauguzi, watuandikie yanayowatatiza kuhusu makosa yanayotokea wodini na namna ya kuyazuia. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua zile zinazogusa mambo yaliyoulizwa na wengi, na tumeondoa majina ya waandishi na ya vituo vyao kwa sababu ambazo kila aliyewahi kuitwa ofisini kwa mfawidhi anazielewa.

Shikamoo Sista. Ninafanya kazi katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya wilaya. Usiku mmoja nikiwa peke yangu nilikokotoa dozi ya jentamaisini ya mtoto wa kilo 3, nikavuta dawa, na kabla sijadunga nikaona kiasi kilichomo kwenye bomba hakiniingii akilini. Kumbe nilikuwa nimeshika ampuli, yaani kichupa cha dawa, ya nguvu nyingine. Mtoto hakudhurika, lakini tangu siku hiyo naogopa kila dozi. Nifanye nini ili jambo hili lisijirudie? — Muuguzi, Dodoma

Marahaba. Hofu yako inaeleweka, ila haitamlinda mtoto wa kesho, kwa sababu hofu hupungua kadiri siku zinavyopita. Atakayelindwa ni yule ambaye kabati, karatasi na watu wa zamu vimepangwa kwa namna ambayo mtu mmoja akighafilika, kuna kitu kingine kitakachomzuia.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana kosa limejificha humo. Mtoto wa kilo 3 aliye katika wiki yake ya kwanza, kwa dozi ya miligramu 5 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 15 kwa siku. Jentamaisini hutufikia katika ampuli za mililita 2 zenye nguvu mbili tofauti: moja ina miligramu 20, yaani 10 katika kila mililita, na nyingine ina miligramu 80, yaani 40 katika kila mililita. Ukitumia ya kwanza utavuta mililita 1.5, ukitumia ya pili utavuta mililita 0.375, kiasi ambacho hata kwenye bomba la mililita 1 kinataka mwanga mzuri na macho yaliyopumzika. Sasa chukua muuguzi aliyezoea ile ya kwanza, ambaye usiku huo bohari imeleta ile ya pili. Atavuta mililita 1.5 kama kawaida yake, na mtoto atapokea miligramu 60, mara nne ya dozi yake, za dawa ambayo ikizidi inajulikana kwa kuumiza figo na usikivu. Muuguzi huyo hakuwa mzembe. Hesabu yake ilikuwa sahihi na ampuli ilikuwa halali, ila hesabu ile haikuwa ya ampuli ile.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kuongeza umakini, bali ni kwenda kwa mfamasia na kumwomba wodi ya watoto wachanga ipewe nguvu moja tu ya dawa hiyo. Pale ambapo ya miligramu 80 pekee ndiyo inayopatikana, ubandikwe ukutani, mahali dawa zinapotayarishwa, jedwali linaloonyesha kwa kila uzito ni mililita ngapi za ampuli hiyo, likiwa limekokotolewa na kuhakikiwa na watu wawili, na lishushwe siku ileile bohari inapobadilisha mzigo. Jedwali la ampuli isiyokuwepo ni hatari kuliko kutokuwa na jedwali.

Hatua ya pili ni kabati. Wengi wenu mmepitia mafunzo ya 5S, yaani ya kupanga na kutunza mahali pa kazi, ambayo nchini Tanzania yalianza kujaribiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa ushirikiano na Wajapani, na mnazikumbuka hatua zake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Katika vituo vingi mafunzo hayo yameishia kwenye vibandiko vya rangi na meza ya mapokezi iliyonyooka, ilhali mahali pake hasa ni ndani ya kabati la dawa. Ampuli ya kloridi ya potasiamu iliyokolea, ambayo ikidungwa kwenye mshipa bila kuchanganywa husimamisha moyo, haistahili kukaa karibu na maji ya sindano ambayo ampuli yake hufanana nayo. Na kwa kweli haistahili kukaa kwenye kabati la wodi ya kawaida hata kidogo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri hivyo kwa miaka mingi.

Hatua ya tatu ni mtu wa pili. Uhakiki wa watu wawili una maana pale tu kila mmoja anapokokotoa peke yake kabla ya kuona jibu la mwenzake. Ukimwonyesha mwenzako bomba na kumuuliza, "Hii ni sawa, siyo?", atakuitikia, kwa sababu anakuamini na ana wagonjwa wake wanaomsubiri. Mpe karatasi yenye uzito wa mtoto na dozi kwa kilo, mwache akokotoe, kisha mlinganishe. Ukiwa peke yako usiku, muite wa wodi ya jirani, au mpigie mfamasia wa zamu, na kama hakuna hata mmoja, kokotoa mara ya pili kwa njia tofauti na ile ya kwanza, kwa maandishi, si kwa kichwa. Na kuna dalili moja isiyohitaji hesabu: ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa ajili ya dozi moja ya mtoto mchanga, simama. Aliyesoma 0.375 kuwa 3.75 atahitaji ampuli mbili, na mkono wake utakuwa umemwonya kabla ya akili.

Mwisho, asiongeleshwe mtu anayetayarisha dawa. Simu ya wodi na mjomba wa mtoto anayetaka kujua saa za kutembelea vyote vinaweza kusubiri dakika tano.

Asalaam aleikum. Mama yangu, ambaye ana kisukari na presha, alilazwa juma zima katika hospitali moja hapa mjini. Siku ya tatu nilimuuliza muuguzi kidonge alichompa ni cha nini, kwa kuwa rangi yake haikuwa ile ya jana. Alinijibu kwa ukali kwamba kama nafahamu zaidi yake, basi nimhudumie mama mwenyewe. Je, nilikosea kuuliza? — Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Hukukosea, na muuguzi yule alipoteza msaada aliopewa bure. Mara nyingi rangi ya kidonge hubadilika kwa sababu hospitali imenunua dawa ileile kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Lakini mara nyingine hubadilika kwa sababu kidonge ni cha mgonjwa wa kitanda cha pili. Wauguzi hubadilishana zamu usiku na mchana, na madaktari hupita na kuondoka. Wewe uliyekuwa kando ya mama tangu alfajiri ndiye uliyeona cha jana na cha leo.

Namna ya kuuliza husaidia sana. Swali la jumla kama "Mnampa nini mama yangu?" husikika kama shutuma, hata kama hukukusudia. Swali lenye jambo mahususi, kwa mfano, "Samahani Sista, jana asubuhi alipewa kidonge cheupe na leo ni cha pinki, je, ni dawa ileile?", linamfanya muuguzi aangalie pakiti, na hilo ndilo ulilolitaka. Ukijibiwa vibaya, omba kwa upole kuzungumza na muuguzi mfawidhi wa wodi, na kidonge kikae mezani mpaka jibu lipatikane.

Nanyi ndugu wa wagonjwa mna wajibu wenu. Siku ya kulazwa, leteni dawa zote anazotumia nyumbani zikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na mitishamba, na semeni bila haya. Mgonjwa wa kisukari anayeendelea kumeza vidonge vyake vya nyumbani kwa siri huku wodini anachomwa insulini anaweza kushuka sukari hadi akapoteza fahamu, na daktari atahangaika kutafuta sababu ambayo imo ndani ya mkoba chini ya kitanda. Msizungushe lile gurudumu dogo la dripu ili iishe upesi mpate kwenda nyumbani. Kuna dawa zinazopita humo ambazo kasi yake ndiyo dozi yake. Na mgonjwa aliyezuiwa kula kabla ya upasuaji msimpe hata uji mwepesi kwa huruma.

Swali la mama yako linanikumbusha jambo linalowahusu wauguzi. Katika wodi za pwani ni kawaida kuwakuta kina Fatuma Ali wawili chumba kimoja. Mkimsogelea bibi mwenye usikivu hafifu na kumuuliza, "Wewe ni Fatuma Ali?", ataitika naam, awe ni yeye au siye. Muulizeni, "Bibi, jina lako kamili ni nani?", mlinganishe na faili, kisha mlinganishe kitu cha pili kama namba ya usajili au tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kitanda haitambulishi mtu, kwa sababu wagonjwa huhamishwa vitanda.

Sista, mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Tunayo ile orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, lakini daktari wetu mkuu wa upasuaji huiita makaratasi ya Wazungu yasiyolingana na mazingira yetu. Hutujazia alama zote kabla mgonjwa hajaingia. Nimweleze nini bila kumvunjia heshima? — Muuguzi, Kisumu

Mwambie kwamba mojawapo ya hospitali nane ambamo orodha hiyo ilijaribiwa ipo Ifakara, Tanzania. Majaribio yalifanyika kati ya mwaka 2007 na 2008, Ifakara ikiwa pamoja na Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, Manila na New Delhi, na matokeo yakachapishwa Januari 2009: vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe ina vipengele 19 vilivyogawanywa katika vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani.

Kwa upande mwingine, daktari wako ana hoja moja ambayo huenda haijui. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipoamuru hospitali zake zote zitumie orodha hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu hospitali 101 haukuona upungufu wa maana wa vifo wala matatizo. Kwa maoni yangu, tofauti iko katika namna orodha inavyotumika, kwa sababu karatasi iliyojazwa alama mapema, mgonjwa akiwa bado wodini, haiwezi kumsaidia mtu yeyote. Orodha inafanya kazi pale watu wanaposimama kwa dakika moja, wakatajana majina na kazi zao, wakasema kwa sauti mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini na upande upi, na kama antibayotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Kisha mwishoni vifaa, gozi na sindano zikahesabiwa mbele ya mtu anayesikiliza.

Nchini mwenu kuna tukio ambalo daktari huyo hawezi kulisahau. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, baada ya lebo zao za utambulisho kuchanganywa, na jambo hilo likagundulika upasuaji ukiwa umekwenda saa kadhaa. Tangu wodini hadi mezani mgonjwa yule alipita katika mikono mingi. Ukitaka kumshawishi daktari wako bila kumvunjia heshima, mwombe yeye mwenyewe ndiye atamke kituo cha pili, kwa sababu wakubwa wengi hukataa kukaguliwa lakini hawakatai kuongoza.

Shikamoo. Kwenye leba yetu mama mwenye kifafa cha mimba alianzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, saa tisa alasiri. Zamu ilipobadilika saa kumi na mbili unusu jioni tuliambiwa tu kwamba "yuko kwenye magnesiamu". Mwenzangu alitaka kumwanzishia dozi ya kwanza upya. Tunawezaje kukabidhiana kwa usalama wakati wanaotoka wamechoka na gari la abiria haliwasubiri? — Mkunga, Tabora

Marahaba, mkunga. Umetaja dawa ambayo makabidhiano yake yakiwa mabovu hayasameheki. Dozi ya kwanza kwa utaratibu unaotumika sehemu nyingi kwetu ni gramu 14 kwa jumla: gramu 4 kwenye mshipa, yaani mililita 8 za ile ya asilimia 50 zikichanganywa na mililita 12 za maji ya sindano na kupitishwa polepole, si chini ya dakika 5, na gramu 5 katika kila tako. Kisha gramu 5 kila baada ya saa 4, tako kwa tako. Mama aliyepewa dozi ya kwanza saa tisa, akirudishiwa gramu 14 nyingine saa moja usiku badala ya gramu 5, anaweza kuacha kupumua huku kila mtu akidhani amelala.

Kwa hiyo sentensi "yuko kwenye magnesiamu" si makabidhiano. Makabidhiano ya mama huyu yanafanyika kando ya kitanda chake, karatasi ikiwa mkononi, na yana mambo yasiyopungua haya: dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi, kiasi gani na tako lipi, inayofuata ni saa ngapi, anapumua mara ngapi kwa dakika, goti linastuka linapogongwa au halistuki, mkojo wa saa 4 zilizopita ni mililita ngapi. Dozi inayofuata haitolewi ikiwa pumzi ni chini ya 16 kwa dakika, au goti halistuki, au mkojo ni chini ya mililita 30 kwa saa. Na ampuli ya kalisiamu glukoneti, gramu 1 katika mililita 10, iwepo kwenye trei ya mama huyo, si kwenye kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake umekwenda na zamu ya mchana.

Kuhusu uchovu na gari, nakubaliana nawe kwamba ni jambo la kweli na halitaondoka kwa mawaidha. Ninachoshauri ni kutokabidhiana wagonjwa wote kwa urefu mmoja. Mama aliyejifungua salama na anasubiri kuruhusiwa kesho anatajwa kwa sentensi moja. Muda uliookolewa hapo apewe yule wa magnesiamu, yule anayeongezewa damu na yule ambaye mapigo ya mtoto wake yamebadilika. Anayepokea naye asiwe wa kuitikia tu, arudie kwa maneno yake, "Kwa hiyo gramu 5 tako la kushoto saa moja kamili, na kabla ya hapo nihesabu pumzi." Kama amesikia vibaya, kosa litajitokeza hapo anayeondoka akiwa bado yupo.

Mimi ni mfamasia. Karatasi za dawa zinazotoka wodini zimejaa vifupisho na mwandiko usiosomeka. Nikirudisha karatasi naambiwa najifanya. Nina haki? — Tanga

Unayo. Insulini ni mfano unaotosha: anayeandika "10 U" kwa haraka, herufi ikabana na tarakimu, anaweza kusomwa kuwa ameandika 100, na mgonjwa akapokea mara kumi. Iandikwe "yuniti" kwa ukamilifu. Iandikwe 0.5, isiandikwe .5, kwa sababu nukta iliyo peke yake hupotea. Na iandikwe 5, isiandikwe 5.0, kwa sababu nukta ikififia inakuwa 50. Endelea kurudisha karatasi, ila mpigie simu aliyeiandika badala ya kumtuma mhudumu airudishe, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye ujumbe wa mhudumu.

Sista, hospitali yetu ina daftari la matukio. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba alimpa mgonjwa dawa ya jirani yake. Mgonjwa hakupata shida yoyote. Siku chache baadaye alipewa barua ya kujieleza. Tangu hapo daftari halijaguswa, na kila mwezi kwenye kikao tunasomewa kwamba hospitali haikuwa na tukio hata moja. Tufanyeje? — Muuguzi, Iringa

Ningependa jibu hili lisomwe pia na mfawidhi wenu, kwa sababu ndiye anayeweza kulitekeleza kwa wepesi kuliko ninyi.

Hospitali isiyo na tukio hata moja kwa mwezi haipo. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliopitia mafaili zaidi ya 15,000 ya wagonjwa waliolazwa katika nchi nane za Afrika na Mashariki ya Kati, Kenya ikiwa mojawapo. Mafaili 8 hivi katika kila 100 yalionyesha mgonjwa kudhuriwa na huduma yenyewe. Katika matukio hayo, asilimia 83 yalihesabiwa kuwa yangeweza kuzuilika, na takriban asilimia 30 yalihusishwa na kifo. Hayo ni yale yaliyoandikwa kwenye faili. Kikao chenu kinaposomewa sifuri, kinachopimwa ni hofu ya wafanyakazi.

Kuna aina tatu za makosa, na kuyaweka yote kapu moja ndiko kunakoziua taarifa. Ipo bahati mbaya ya kibinadamu, kama mwenzenu aliyechukua trei ya kitanda cha jirani katikati ya kelele. Huyu hahitaji barua, anahitaji trei zenye majina na muda wa kutoa dawa bila kukatizwa. Ipo njia ya mkato iliyozoeleka, kama wodi nzima kutoa dawa za saa mbili bila kutazama karatasi kwa sababu "wagonjwa tunawajua"; hapo wote wakumbushwe, na ichunguzwe kwa nini njia sahihi imekuwa ngumu kiasi cha kukwepwa. Ya tatu ni kupuuza hatari ambayo mtu anaijua wazi, au kuja kazini amelewa, au kughushi rekodi. Hiyo ndiyo mahali pa nidhamu, na pa Baraza la Uuguzi na Ukunga pia.

Mpaka kati ya aina hizo si rahisi kila mara. Desemba 2017, katika hospitali moja ya mji wa Nashville nchini Marekani, muuguzi alitakiwa kumpa mgonjwa wa miaka 75 dawa ya kutuliza wasiwasi kabla ya kipimo. Kwenye kabati la kompyuta aliandika herufi mbili za mwanzo za jina la biashara la dawa hiyo, haikutokea, akatumia njia ya dharura ya kuruka kizuizi, na akatoa dawa nyingine inayoanza kwa herufi hizohizo, ambayo hulegeza misuli yote ya mwili hadi ile ya kupumulia. Mgonjwa alifariki. Muuguzi alikiri kosa lake bila kuficha. Machi 2022 mahakama ilimtia hatiani, na Mei akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Sitasema hakuwa na lawama. Dawa ile ilikuwa na maonyo ambayo aliyapita. Lakini nauliza, kama swali la kwanza la uchunguzi lingekuwa kwa nini kuruka kizuizi kulikuwa jambo la kila siku, je, wauguzi wa hospitali nyingine waliofuatilia kesi ile wangekuwa tayari kukiri kesho yake? Wengi wao walisema hadharani kwamba sasa wangeogopa.

Kwenu Iringa ningeanza kidogo. Mfawidhi auite wodi na aseme kwa mdomo wake kwamba barua ile imefutwa, kisha ifutwe kweli kwenye jalada. Daftari lipokee pia makosa yaliyokaribia kutokea yakazuiwa, bila majina, kwa kuwa hayo ni mengi, hayamtii mtu aibu, na yanafundisha yaleyale. Kila juma kwa dakika kumi lisomwe tukio moja, na swali liwe: ni nini kilichofanya jambo lile lionekane sahihi wakati ule? Kisha ibadilishwe angalau trei, lebo au saa ya kupokea dawa, na wodi ijulishwe kwamba mabadiliko hayo yametokana na daftari. Mtu akiandika mara mbili asione kilichobadilika, ya tatu hataandika. Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, ambayo tangu 2019 huadhimishwa kila tarehe 17 Septemba, kwetu imekuwa siku ya fulana na mabango; ingefaa siku hiyo kila hospitali itaje mbele ya wafanyakazi wake mambo matatu iliyoyarekebisha kutokana na taarifa zao.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikuligusa: je, mgonjwa yule aliambiwa? Hata kama hakudhurika, dawa imeingia mwilini mwake na ana haki ya kujua ni ipi, atazame dalili gani, na hospitali imefanya nini. Aambiwe na mtu mzima katika kazi, daktari au mfawidhi, na si muuguzi kijana aliyeachwa peke yake kando ya kitanda.

Ikiwa tatizo limetokana na dawa yenyewe, kwa mfano maboksi mawili yanayofanana mno au dawa iliyoleta madhara yasiyotarajiwa, taarifa ipelekwe pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kupitia mfamasia wa hospitali.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni. Wodini niliko kwa mazoezi, wauguzi wazoefu wakimaliza kumchoma mgonjwa hurudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Chuoni tulikatazwa. Nimfuate nani? — Mwanafunzi, Mtwara

Marahaba. Fuata chuo. Sindano iliyotumika haifunikwi. Inaingia moja kwa moja kwenye boksi la usalama, ambalo linapaswa kuwa karibu na mkono wako kabla hujaanza kuchoma, na ambalo hufungwa likijaa robo tatu. Wazoefu wengi hurudishia kifuniko kwa sababu boksi liko mwisho wa korido, kwa hiyo omba kibali cha kulisogeza kwenye toroli ya dawa. Ombi la namna hiyo kutoka kwa mwanafunzi halimwudhi mtu.

Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua kidonda, na mjulishe msimamizi wako saa hiyohiyo. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72, kisha humezwa kwa siku 28. Na kama hujamaliza chanjo ya homa ya ini aina ya B, usisubiri kujichoma ndipo uulize inatolewa wapi.